Kifumbu cha Hewa

Treni ya Nairobi imewahi kusimama mara mbili bila ya amri ya mtu. Mara ya kwanza ilisimamishwa na ng'ombe. Mara ya pili ilisimamishwa na kigelegele cha shangazi yangu, Mwanarehema wa Jomvu Kuu. Dereva alikuwa ndiyo kwanza anaiacha Changamwe, akasikia mlio, akadhani ni treni nyingine yaja mbele yake, akafunga breki, na abiria wa daraja la pili wakamwagikiwa na chai mapajani. Nimekisimulia kisa hiki miaka mingi, na kila mara hutokea mmoja akaniuliza, "Mzee Mwidani, ni kweli hayo?" Nami humjibu kuwa sikuwa ndani ya treni, lakini chai ilimwagika.

Ninalotaka kulieleza leo ni la baadaye kidogo, na hili nilikuwamo mwenyewe. Ni la mwaka 1960, wakati kigelegele hicho kilikuwa kimekatika, na serikali ikaleta sanduku la kutafuta kilikokwenda.

Shangazi ndiye aliyeitwa katika kila arusi toka Jomvu mpaka Mikindani. Watu wakipanga siku, walimuuliza yeye kwanza kama ana nafasi, kisha ndipo wamuulize bwana arusi. Lakini miaka miwili nyuma pakafunguliwa kiwanda cha chokaa upande wa Magongo, juu ya kilima kinachotazamana na nyumba yake. Waliyasaga mawe ya matumbawe kwa mashine, wakayachoma katika tanuu kubwa, wakatia chokaa magunia. Kusi ikianza kuvuma, vumbi lote liliteremka kijijini. Si vumbi la barabara, lile la kukuingia jichoni ukalitoa kwa pembe ya kanga. Hili lilikuwa jembamba kuliko poda ya mtoto. Huoni likiingia. Utalijua tu likishakaa kifuani na kufanya makao.

Kufika mwaka wa pili, Shangazi akianza kigelegele ungehesabu moja, mbili, tatu, nne, kisha chakatika kama uzi, naye akohoa mpaka akae chini.

Na binti yake wa pekee, Dhahabu, alikuwa ameshaposwa. Arusi ilipangwa baada ya maulidi ya Mfungo Sita, ambayo mwaka ule yaliangukia mwezi wa tisa. Shangazi akaapa mbele ya wanawake wote wa mtaa kwamba Dhahabu akivuka kizingiti kwenda kwa mumewe, kigelegele cha kumtoa hatakipiga mtu mwingine.

"Nikishindwa," alisema, "mwanangu atatoka kimya kimya kama mwizi. Na mtu asinisaidie. Atakayenisaidia simsemeshi tena."

Nao walimjua. Alikuwa na jirani mmoja, Mwanabibi, ambaye hakumsemesha miaka sita kwa sababu ya sinia.

Mimi siku hizo nilikuwa mpiga dawa ya mbu katika ofisi ya afya. Skuli sikwenda. Kusoma nilijifunza kwa magazeti yaliyofungiwa samaki na njugu, ndiyo maana hata leo habari nyingi nazijua nusu. Lakini barua ya malalamiko ya kijiji niliiandika mimi, kurasa tatu, na nadhani ni ile ya tatu iliyowasisimua, kwani nilieleza kwamba mbuzi wetu wazaa watoto weupe.

Jibu likaja. Kumbe palikuwa na sheria mpya ya hewa, na ofisi ilikuwa ikitafuta mahali pa kuijaribia. Hewa ya Jomvu Kuu itapimwa wiki kumi. Uchafu ukipita namba nne katika kumi, kiwanda kitaamriwa kulizuia vumbi lake au kifungwe. Usipopita, kiwanda kitapewa ruhusa ya kujenga tanuu la pili, kwani maombi yalikuwa yameshapelekwa.

Aliyepewa kazi hiyo alikuwa Mwingereza mrefu mwenye jina lililojaa herufi zisizotamkwa, basi watu wakamwita Bwana Moshi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, alipenda kutazama moshi. Akipita jikoni kwa mtu, avua kofia, asimama, autazama moshi ukipanda kama mwenzake atazamavyo mpira. Akataka mtu wa kumsaidia mwenye kujua kusoma na kuandika. Nikainua mkono kabla hajamaliza.

Siku ya kwanza tulifika kwa Shangazi na lori, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kiwanda.

"Hodi hapa! Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na huyo wa nyuma?"

"Bwana wa ofisi ya afya. Amekuja kupima hewa."

"Ya nani?"

"Yako."

Shangazi akajitazama toka miguuni. "Mimi yangu imekwisha. Angalikuja mapema."

Tukaliweka sanduku barazani. Lilikuwa kiasi cha sanduku la nguo, la chuma, lina mdomo mbele na tundu nyuma, na ndani lina kipampu kilichoendeshwa na betri ya lori. Bwana Moshi akatia mdomoni kipande cha karatasi nyeupe cha duara, kiasi cha kikombe cha kahawa, akakikaza kwa pete ya shaba. Akaliwasha. Likaanza kulia mmmmm, kama mtu aimbaye kafumba mdomo.

Shangazi akachutama mbele yake. Akalizunguka. Akaweka kiganja penye mdomo, kisha penye tundu la nyuma.

"Chavuta pumzi hiki."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na kutoa, chatolea huku."

"Ndiyo."

"Na kile kisichotoka?"

"Chabaki kwenye karatasi. Ndicho tunachokitaka."

Akafikiri kidogo, kisha akapiga mikono. "Basi semeni! Hiki ni kifumbu! Tui lapita, machicha yabaki. Mwatafuta machicha ya hewa yetu."

Bwana Moshi akataka kujua mama amesema nini. Nikamweleza kuwa kifumbu ni kile kimfuko cha ukili cha kukamulia nazi. Akafurahi, akatoa daftari, akaliandika neno hilo, na toka siku ile hata ofisini hapakuwa na aliyeliita sanduku jina jingine.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Kila asubuhi saa moja natoa karatasi ya jana, naweka mpya. Ile ya jana naisogeza kwenye kadi yenye vidirisha kumi na kimoja, kuanzia cheupe kabisa, ambacho ni sufuri, mpaka cheusi kabisa, ambacho ni kumi. Namba iliyofanana naiandika katika fomu. Fomu ilikuwa na safu tano, na ya mwisho ilisema MENGINEYO. Hiyo hapakuwa na cha kuandika, nami kila nikiiona wazi yaniumiza. Fomu ya serikali ina nafasi, na nafasi haina kitu.

Shangazi naye alikuwa na kazi yake ya saa moja. Alisimama uani, akashika kiuno, akajaribu kigelegele. Mimi nikahesabu kwa saa ya ofisi, nikaandika. Karatasi, sufuri. Mengineyo, nne. Kesho yake, karatasi, sufuri. Mengineyo, tatu, na kikohozi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunishangaza. Huku nyuma mwanamke akohoa, mbele yangu karatasi ni nyeupe kama ilivyotoka paketini. Jumatatu nyeupe. Jumanne nyeupe. Jumatano nyeupe. Lakini karatasi ya Alhamisi, niitoapo Ijumaa asubuhi, ni nyeusi. Namba saba. Wiki ya pili, nane. Wiki ya tatu, saba tena. Na la ajabu zaidi, Alhamisi ndiyo siku ambayo kiwanda kilisimama toka adhuhuri ili wasafishe mashine.

Bwana Moshi akakuna kichwa. "Kiwanda nafanya kazi, hapana chafu. Kiwanda nalala, chafu mingi. Mwidani, iko namna gani?"

"Sijui, Bwana."

"Mimi pia hapana jua," akasema, na macho yakamng'aa kama amepewa zawadi.

Tukatafuta. Tukazunguka kijiji kizima, yeye ahesabu mafiga, mimi nahesabu majiko ya mkaa. Tukauliza kama kuna achomaye makumbi ya nazi Alhamisi. Hakuna. Tukauliza habari za treni. Treni hupita kila siku. Tukamshuku mwokaji mikate mmoja kwa siku mbili nzima, mpaka ikajulikana kuwa alikuwa safarini Kilifi.

Kiwandani palikuwa na karani, Nicanor, kijana wa bara, mwenye tai hata siku ya Jumapili. Akasikia habari za karatasi zetu. Basi nikipita na baiskeli, asimama langoni.

"Mwenye kifumbu! Habari za machicha?"

"Njema."

"Nasikia sisi tukifanya kazi hewa yawa safi, tukilala yawa chafu. Kumbe twawafulia hewa yenu bure! Ngojeni tanuu la pili. Mtavuta hewa ya peponi."

Alicheka mpaka akakohoa. Na kabla ya wiki ya saba kwisha, kiwanda kikaandika barua ofisini kwamba, kwa ushahidi wa karatasi za serikali yenyewe, moshi ni wa majikoni mwa wanakijiji, na wao ndio wa kuamriwa.

Ijumaa ya wiki ya nane nilipoitoa karatasi, nyeusi namba nane, nikaona macho yameshashindwa kazi. Nikaipeleka puani.

Nikasimama pale barazani kama niliyeitwa jina. Ile harufu naijua. Ni harufu ya kanzu yangu ya Idi nilipokuwa na miaka sita. Udi, karafuu, na sukari iliyoungua kidogo. Mombasa nzima palikuwa na mtu mmoja tu aliyetia sukari nyingi namna ile.

Nikangoja Alhamisi. Baada ya sala ya alasiri nikaegemeza baiskeli ukutani, nikachungulia barazani. Shangazi alikuwa ameshika chetezo, kaa la moto ndani, moshi wapanda. Akalizunguka sanduku mara tatu. Kisha akalifunika kanga, akakiingiza chetezo chini yake, akasema kwa upole, "Haya mgeni, jifukize. Vuta, baba, vuta." Na sanduku, mmmmm, lavuta udi kama mzee aliyepata kiko chake.

"Shangazi!"

"Labeka— ah, Mwidani. Umenishtua."

"Wafanya nini?"

"Nafukiza. Leo si Alhamisi?"

"Wamfukiza nani?"

"Huyu. Yuko barazani kwangu wiki ya tisa sasa, hajaoga, hajala. Mito nafukiza, nguo nafukiza, mgeni nimwache anuke mafuta ya lori? Watu watasemaje?"

Nikamweleza. Nikamweleza habari za kadi, za namba saba na nane, za barua ya kiwanda, za mafiga tuliyoyahesabu. Akakaa juu ya baraza, chetezo mapajani, moshi wampita usoni.

"Basi mimi ndiye niliyechafua kitabu cha serikali."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na yule mwokaji mikate?"

"Tutamwomba radhi."

Nikampelekea Bwana Moshi habari. Alicheka, akafuta machozi, akainusa karatasi, akacheka tena. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Akachukua fomu, akaanza kukata kwa kalamu nyekundu Alhamisi zote. Alipomaliza, zilizobaki zilikuwa sufuri, sufuri, sufuri, ukurasa mzima.

"Mwidani," akasema, "sasa hapana chafu kabisa. Kiwanda nashinda."

Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Nikarudi Jomvu Kuu kwa miguu, nikiisukuma baiskeli, kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika. Nilimkuta Shangazi uani aanua nguo. Nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliniacha nikamaliza, kisha akalitoa buibui lake kambani. Lilikuwa limeanikwa asubuhi, jeusi, na sasa lilikuwa la kijivu kama punda.

"Niambie tena. Hewa ni safi?"

"Karatasi ndiyo yasema hivyo, Shangazi."

Akalishika buibui pembe mbili, akalikung'uta. Wingu jeupe likatoka, likanipita kichwani, na yeye akakohoa mpaka akaushika mti wa kamba. Alipopata pumzi akaniuliza polepole, kama amuulizavyo mtoto aliyepoteza kiatu:

"Karatasi yenu ni ya rangi gani?"

"Nyeupe."

"Na chokaa?"

Nikafungua kinywa. Wiki nane na siku, watu wazima wawili, mmoja wao Mzungu, tulikuwa tukitafuta unga mweupe juu ya karatasi nyeupe, na kila asubuhi nikiandika kwa mwandiko mzuri kwamba siuoni.

"Mwidani, funga mdomo, utaingia chokaa."

Bwana Moshi alipolisikia hilo alijipiga paji la uso kofi la haki, lililosikika mpaka kwa makarani. Lakini likaja jambo la sheria. Kupima ni kwa karatasi, akasema, hivyo ndivyo alivyofundishwa kwao, na kwao uchafu ni masizi ya makaa ya mawe, ni mweusi. Atapimaje kwa buibui, kiwanda kisilalamike?

Mimi ile sheria nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeisoma kwa kamusi, neno moja moja, siku nne. Nikaitoa mfukoni. "Bwana, hapa yasema chujio safi. Haikusema karatasi, wala haikutaja rangi."

Akaisoma. Akaisoma tena. "Chujio safi," akasema. "Mwidani, wewe iko mtu hatari."

Sasa safi ndiyo iliyokuwa taabu. Kila buibui pale kijijini, na kila jora jeusi la dukani, lilikuwa limeshakula chokaa miaka miwili. Hata ukilifua, weupe umejificha katika nyuzi. Wanawake wakatoa yao, wakayakagua juani, wakayarudisha. Palikuwa na moja tu lililokuwa halijaanikwa hata siku moja, lile la hariri ambalo Shangazi alilinunua alivae yeye kwa arusi ya Dhahabu, limekunjwa sandukuni ndani ya karatasi yake.

Dhahabu akasema, "Mama, hilo hapana."

"Hilo ndilo," akasema Shangazi. Akalitandaza mkekani, akaweka kikombe cha kahawa juu ya pindo, akachora kwa sabuni, akakata. Duara la kwanza. La pili. La tatu. La nne. Mimi ndiye niliyeangalia pembeni.

Jumatatu tukatia la kwanza. Jumanne saa moja nikalegeza pete, na Bwana Moshi mwenyewe alikuwa pale, kavua kofia. Lilipotoka, mahali pete iliposhika palikuwa peusi, na katikati palikuwa na mwezi mpevu. Mweupe, umejaa, laini, hata ukiugusa hujui kama umegusa kitu. Bwana Moshi akaigeuza kadi, akahesabu kuanzia cheusi, akafika namba tisa. La Jumanne na la Jumatano, vivyo hivyo. La nne tulilitia Alhamisi, toka adhuhuri kiwanda kiliposimama mpaka magharibi, na chetezo kimefungiwa kabatini, ufunguo ninao mimi. Likatoka jeusi kama lilivyoingia.

Tukaita kiwanda waje kuona. Akaja Nicanor na tai yake. Akayatazama yale maduara, akatabasamu.

"Huu ni unga wa ngano. Nyumba hii yapikwa mahamri."

Wanawake wakaguna. Bwana Moshi akanitazama. Mimi nikamtazama Shangazi, na Shangazi hakumtazama mtu. Aliingia jikoni, akatoka na visahani viwili na ndimu.

"Mwanangu," akamwambia Nicanor, "umeshakunywa chai leo?"

"Bado, mama."

"Utakunywa. Kwanza tazama." Kisahani kimoja akatia unga wa ngano. Kingine akakung'utia buibui lake la uani. Akakata ndimu, akakamua juu ya unga. Kimya. Ukawa ujiuji. Akakamua juu ya kile cha pili. Chhhhh. Povu likapanda, likachemka kama chungu kidogo. Bwana Moshi akapiga magoti chini kwenye mavumbi, miwani imemteremka puani, akaweka sikio karibu na kisahani. Nafikiri hakuwa amefurahi namna ile tangu atoke kwao.

"Sasa ukamulie na huo mwezi," akasema Mwanabibi, yule jirani wa sinia.

Akalikamulia duara la Jumatatu tone moja. Likatoa povu dogo katikati, chh, kisha likanyamaza.

"Mahamri yangu hayachemki kwa ndimu," akasema Shangazi. "Yako ndiyo yachemkayo. Haya, chai."

Nicanor akapokea kikombe. Akanywa kidogo, akalegeza tai, na kikohozi kikamjia, cha kutoka chini, kile kile tulichokuwa nacho sote. Shangazi akampiga mgongoni mpaka kikapoa. "Na mimi, mama, kifua chaniwasha tangu mwaka jana," akasema polepole. "Lakini mimi ni karani."

Barua ya serikali ikatoka kabla mwezi wa saba haujakwisha. Tanuu la pili, hapana. Tena kiwanda kiyarowanishe mawe kabla ya kuyasaga, kiifunike mashine, na penye bomba la vumbi kitundike mifuko ya kitambaa, mirefu kama kanzu, ili hewa ipite na vumbi lishikwe. Muda, siku thelathini, au kifungwe. Walivuta miguu. Siku ya ishirini na nane hawakuwa na kitu ila mawe yaliyorowa. Siku ya thelathini Bwana Moshi akapanda kilimani na kufuli kubwa mkononi, akakaa nalo langoni, akiutazama tu moshi wao. Mchana ule ule mifuko ikaanza kutundikwa.

Kijijini tulisimama kuitazama ikijaa upepo, minane, imejipanga.

"Kiwanda kimevaa buibui," akasema Dhahabu.

Nami nikaendelea na safu yangu. Mengineyo, nne. Nne. Sita. Tano. Saba. Wiki nzima ya saba. Tisa, kisha sita tena kwa kuwa mfuko mmoja ulipasuka, nikampigia kelele Nicanor langoni naye akaja kuushona mwenyewe. Kumi. Kumi. Asubuhi tatu kabla ya arusi, nane.

Siku ya arusi kusi ilikuwa yavuma kutoka kilimani, sawasawa kuja kwetu, na kiwanda kilikuwa kazini. Shangazi hakutaka kisimame. "Nisije nikaambiwa nilisaidiwa na likizo." Baada ya alasiri watu wakajaa nje. Mimi nilikuwa barazani na saa ya ofisi, penye sanduku, ambalo lilikuwa bado lafanya kazi yake, mmmmm. Shangazi akatoka, kavaa buibui la hariri. Pindo alikuwa amelikunja na kulishona upya, lakini kwa mwenye kujua palionekana mahali pafupi.

Dhahabu akafika kizingitini, kafunikwa. Shangazi akavuta pumzi, akaanza. Moja. Mbili. Tatu. Kikohozi.

Dhahabu akasimama mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nikamwona Mwanabibi ainua mkono kuuleta mdomoni, amsaidie mwenzake. Shangazi akamgeuzia macho. Mkono ukateremka wenyewe.

Kisha Shangazi akageuka, akatazama huku na huku kama atafutaye mbu, na macho yakaniangukia mimi.

"Mwidani!"

"Labeka, Shangazi!"

"Kizime hicho kifumbu chako. Chanimalizia hewa yangu."

Nikakizima. Watu wakaangua kicheko, hata bibi arusi nikaona mabega yamtikisika ndani ya kitambaa, na Shangazi akacheka nao, kicheko kirefu cha tumboni, kisicho na kikohozi ndani yake. Nadhani yeye mwenyewe ndiye aliyekisikia kwanza. Akanyamaza ghafla. Akaweka mkono kifuani. Akavuta pumzi polepole, akaivuta mpaka nikadhani ataliondoa paa la makuti, akafungua kinywa.

Nikahesabu. Nne ikapita. Saba ikapita. Kumi, na kuku wakakimbia. Kumi na tatu, na juu kilimani nikamwona Nicanor katoka nje ya ofisi yake, asimama. Kumi na sita kikaanza kutetemeka, akakishika, akakipandisha tena. Dhahabu akavuka kizingiti, akateremka ngazi, akapita mbele yangu, na kilikuwa bado kipo juu yake.

Kilipokwisha, wanawake wote wakaachilia vyao kwa pamoja na hapakusikika kitu kingine. Shangazi akaja barazani, jasho lamtiririka, akaegemea sanduku.

"Ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Zamani zilikuwa ngapi?"

"Zamani hatukuwa na saa, Shangazi."

Akanitazama, akacheka kidogo, akatoka kumfuata mwanawe.

Jumatatu nikampelekea Bwana Moshi fomu. Safu ya chujio niliandika: limezimwa kwa ombi la mwenye nyumba. Mengineyo: kumi na tisa. Alizipitia zile namba zote toka mwanzo, nne, tatu, nne, akafika ya mwisho. Hakuuliza ni kumi na tisa nini. Alikuwapo, alisimama nyuma ya mnazi na kofia mkononi. Akatia sahihi.

Na treni ya jioni ile ya arusi ilipita Changamwe kwa saa yake. Haikusimama, wala hapakumwagika chai. Hilo laniuma mpaka leo, lakini nimeamua katika kisa hiki nisiongeze kitu.